Hatua Mia Nne Ishirini na Sita Kutoka Makaburini

Tionge Mkwezalamba,
Kijiji cha Kalindiza,
Dedza.
9 Septemba

Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu ya Namzeze,
Lilongwe.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUSOGEZEWA MTANDAO KUTOKA MAKABURINI HADI BARAZANI KWA BIBI YANGU

Sisi huku tumeamka salama, sijui ninyi wenzetu. Watoto wako wameamkaje? Na mafundi wanaopanda minara, wote wazima? Kama mmeamka salama, basi na sisi tumeamka salama. Uniwie radhi kwa urefu wa salamu. Kwetu mtu haanzi kulalamika kabla hajajua mwenzake ameamkaje, na jambo hilo, kama utakavyoona, ndilo lililonileta kwenu.

Mwaka jana nilipomaliza shahada ya jiografia kule Zomba, sikuchagua kampuni ya simu kwa kuvutiwa na rangi za miavuli ya mawakala. Nilifanya utafiti. Kipimo changu kilikuwa salamu moja kamili kwa mjomba, ambayo kwa saa yangu huchukua dakika sita ikiwa hakuna mgonjwa katika ukoo. Kwa mtandao wa Mphezi, washindani wenu, kwacha mia tano ziliisha nikiwa bado naulizia mbuzi. Kwa Namzeze, fedha hiyohiyo ilinipitisha kwenye salamu, mbuzi, mvua na jambo lenyewe, zikabaki dakika za kuagana mara tatu kama inavyopasa. Kwa upande wa bei, mlishinda. Kwa upande wa kufika, wakala wenu alinikunjulia ramani ambayo wilaya nzima ya Dedza ilikuwa ya bluu. "Dada, ondoa wasiwasi," aliniambia. "Hapa pote ni sisi. Hata ukizikwa tutakupata." Nilidhani anatania. Siku hiyohiyo niliandika namba yenu kwenye fomu za kuomba kazi ya ualimu, kisha nikarudi kijijini kuishi na Agogo Enelesi, bibi yangu mzaa mama, kungoja kuitwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwa siku nane nilizunguka kijiji chote nimeinua simu juu kama mtu anayebeba taa. Nyumbani hakuna mtandao. Kisimani hakuna. Shuleni, kanisani, kwa chifu, hakuna. Upo mahali pamoja tu: makaburini. Makaburi yetu ni msitu ambao haujawahi kukatwa hata kijiti, na haingii mtu ila siku ya maziko. Hatua moja kabla ya mkuyu wa kwanza, simu yangu haina kitu. Hatua moja baada yake, alama zote nne zimejaa. Nimerudia jaribio hili mara thelathini na moja. Kutoka hapo hadi barazani kwa Agogo ni hatua mia nne ishirini na sita.

2. Mwezi wa Mei ofisi ya ajira ilinipigia. Nilikuwa nyumbani nikitwanga karanga, mahali ambapo kwa maoni yenu hakuna mtu. Nilipopita mkuyu wa kwanza siku mbili baadaye, ujumbe ukaingia kwamba nilitafutwa mara mbili. Nilipiga, karani akajibu kwa upole uliouma kuliko matusi: "Aa, dada, tulikutafuta wee. Tumeshamchukua wa chini yako kwenye orodha." Nikaomba nibadilishe namba kwenye fomu. "Namba ya fomu ni kama jina la ubatizo," akasema. "Wewe kaa karibu na simu. Awamu ya pili ni Agosti au Septemba, siku yoyote." Tangu tarehe mosi Agosti, kwa hiyo, ninakaa karibu na simu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwenye kiti, chini ya mwavuli, kati ya makaburi ya ukoo wa Chimseu. Wakinikosa mara hii, hakuna awamu ya tatu.

3. Jina langu limeharibika. Kisimani wanawake hunyamaza nikifika. Mayi Nachisale, jirani yetu mwema, alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Mwanangu, kama kuna kitu unataka, omba kanisani kama wenzio. Hao wa kule hawatoi bure." Siku nyingine nilisikia nyuma ya ua: "Asubuhi anaingia na kiti, jioni anatoka anacheka peke yake. Ndiyo shahada hiyo." Nilicheka kwa sababu rafiki yangu wa Zomba alikuwa amenipigia. Lakini ukimweleza mtu kwamba ulikuwa makaburini unazungumza na rafiki, unazidi kujichimbia kaburi.

4. Katika ngoma yetu kuu wanaovaa vinyago si watu. Ni wanyama na roho wanaotoka makaburini, na mwanamke haulizi zaidi ya hapo. Mimi siulizi. Naeleza tu kwamba Alhamisi iliyopita mnyama mmoja, mwenye manyoya ya kuku kichwani na matambara mwili mzima, alitokea nyuma ya mti akanitazama, nami nikajiandaa kukimbia kama inavyotakiwa. Akasema, "Dada, una salio?" Alipiga kwa mtu fulani, akauliza kama mbolea ya ruzuku imefika, akamkumbusha kuwafungia kuku. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akakumbuka, akanguruma.

5. Nilishtakiwa kwa Mfumu Kalindiza, chifu wetu. Aliyenishtaki ni Bambo Sadalaki, kiongozi wa adzukulu, yaani wajukuu, maana ndivyo tunavyowaita wachimba makaburi. Nilieleza habari ya fomu, ya karani, na ya ramani ya bluu. Bambo Sadalaki akasema, "Makaburini haingii mtu asiye na kazi." Nikasema kwamba ninangoja kazi. "Kungoja kazi si kazi, binti." Mfumu alifikiri hadi chai ikapoa, kisha akatoa hukumu ambayo hadi leo sijui kama ni adhabu au huruma: kwa kuwa siwezi kutoka makaburini, na kwa kuwa makaburini ni pa adzukulu tu, basi na mimi ni mmoja wao. Nikakabidhiwa jembe. Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, kampuni yenu ndiyo iliyonipatia ajira yangu ya kwanza baada ya chuo, nami ni mwanamke wa kwanza kuishika katika kijiji hiki. Nimeshachimba makaburi matatu. Bambo Sadalaki amekiri kwamba tangu nianze kupima kwa kamba, pembe zimenyooka. Najua pia kwamba siku ya msiba mchimba kaburi hapingwi na mtu, hata chifu hukaa anapoambiwa kukaa. Nalitaja hilo kwa ukamilifu wa taarifa tu, si kwamba nalipenda.

6. Tulipomzika mzee Chimseu, waombolezaji mia moja walipita mkuyu wa kwanza kwa wakati mmoja, na simu zote zilizokuwa kimya wiki nzima zikaamka pamoja. Jeneza lilikuwa limetangulia, limeshaanza kushushwa. Kwa dakika nne hakusikika mchungaji. Watu walikuwa wanapata habari za Jumatatu siku ya Jumamosi: nani alijifungua, nani alighairi safari, nani alikwisha kuja akamkosa mwenyeji. Ujumbe uliomfikia mjane, nilimsomea mwenyewe kwa kuwa hana miwani, ulitoka kwenu: "Hongera! Wikendi yako imeanza!"

7. Hili ni la mwisho, na ningeweza kuandika hili peke yake. Agogo ana mtoto mmoja aliye hai, mjomba wangu Lufeyo, aliyeko Johannesburg. Hupiga kwenye laini yangu. Mwaka wa pili huu hajasikia sauti ya mama yake. Kwa kweli Mphezi hufika jikoni kwa Agogo, kati ya kinu na kapu la mahindi, ukichuchumaa. Lakini magoti ya Agogo yalikataa kuchuchumaa zamani, na akikalia kigoda mtandao unakatika. Nimembembeleza aje makaburini kwa dakika tano tu. "Kule nitaenda mara moja tu maishani," hujibu, "na sitaenda kwa miguu yangu." Basi mimi ndiye mtandao. Mjomba anauliza mama ameamkaje, natembea hatua mia nne ishirini na sita, nauliza, Agogo anajibu kwamba ameamka salama, na je, yeye ameamkaje, narudi. Jumapili iliyopita salamu yao ilinichukua safari saba, na kabla hatujafika kwenye mbuzi jua lilikuwa limetua. Mjomba aliniuliza, "Sauti yake bado ni ileile?" Sauti si kitu ambacho mtu anaweza kukibeba mkononi.

Ndugu Mkuu, mimi si mtu wa kudai bila kufikiri. Nimejiuliza kwa nini kampuni yenye akili iwahudumie wafu ikawaacha walio hai, na nadhani nimepata jibu. Kijiji kina nyumba sitini na moja. Makaburi, kwa hesabu yangu, ni mia tatu arobaini. Wakazi wake hawahami, hawalalamiki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuhamia Mphezi. Kibiashara nawaelewa. Lakini hawanunui vifurushi.

Naomba basi mfanye moja kati ya haya: mjenge mnara mwingine, au mgeuze huu uliopo utazame nyumbani kwetu, au, kama yote mawili ni ghali, mje mshauriane na Mfumu jinsi ya kuhamisha nyumba sitini na moja zipakane na mkuyu wa kwanza. La tatu nimeshalidokeza kwa wazee. Hawakulipenda, ila hawakucheka.

Ikifika tarehe thelathini mwezi huu bila jibu, nitahamia Mphezi, na nitaziomba nyumba zote zinifuate, tukachuchumae pamoja. Bambo Sadalaki naye ameniomba niwakumbushe, bila ubaya wowote, kwamba mlinzi wa mnara wenu ni mzaliwa wa hapa, na ana wazazi wazee. Siku ya msiba, watakaoitwa kuchimba ni sisi.

Agogo anakusalimu. Mfumu anakusalimu, na anauliza kama ramani ile inauzwa. Adzukulu wenzangu wanakusalimu. Yule wa manyoya ya kuku angekusalimu pia, lakini si mtu. Msalimie mkeo, wanao, na yule anayerekodi sauti ya "tafadhali subiri"; mwambie tunasubiri.

Wako katika kungoja,

Tionge Mkwezalamba
Shahada ya Jiografia, Mchimba Kaburi

Nyongeza, 18 Septemba. Nilikuwa bado sijapata mtu wa kupeleka barua hii posta, na sasa kuna mambo ya kurekebisha. Juzi saa nne kasorobo walinipigia. Nilikuwa ndani ya shimo, kina cha kifua, na bado nilisikia kila neno. Usaili ulifanyika hapohapo kwa simu. Bambo Sadalaki aliwazuia wengine wasichimbe mpaka nimalize. Nimepata. Ninaanza kufundisha Nkhotakota mwezi ujao.

Nilipomwambia Agogo, alipiga kigelegele kimoja. Asubuhi ya leo nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, kigoda kwapani. "Nionyeshe," akasema. Bambo Sadalaki alitangulia kuwaomba radhi wenyeji wa makaburini. Hatua zangu mia nne ishirini na sita kwa Agogo ni mia saba na tatu, nilizihesabu zote. Aliketi kando ya kaburi la babu, akaongea na mjomba dakika arobaini na nane. Thelathini na tano zilikuwa salamu. Kwa Mphezi tungeuza mbuzi.

Alipomaliza aliniomba simu, akaishika juu ya nafasi iliyo wazi kushoto kwa babu. "Soma," akasema. Nikamsomea: nne, zote zimejaa. Akaniagiza niwaandikie msiguse kitu. Msijenge, msigeuze, msisogeze hata skrubu moja. Laini yangu nitamwachia yeye, na mimi nitanunua nyingine kwenu. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Jikoni nitakaa miaka mingapi tena? Huku ndiko nitakakokaa sana. Waambie waache mtandao wao hapahapa. Sitaki mjukuu wangu anipigie, halafu aambiwe sipatikani."