Uwanja Umerefushwa Nikiwa Mgonjwa

Kwa Katibu,
Chama cha Waamuzi wa Mpira wa Miguu

Ndugu Katibu,

YAHUSU: KUREFUSHWA KWA UWANJA BILA MWAMUZI KUARIFIWA

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini wewe na kamati yako mko wazima. Mimi ni mzima. Naliweka hilo mwanzoni kwa sababu kuna watu wanalitilia shaka, na baadhi yao wana ofisi.

Nimepata ujumbe wako kwamba nimeondolewa kwenye fainali ya Jumamosi na nafasi yangu amepewa yule kijana mnayemwita Upepo, eti kwa kuwa nilishindwa jaribio la mbio. Ndugu Katibu, nimechezesha mpira tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na fainali sijawahi kupewa hata moja. Hii ndiyo ilikuwa zamu yangu, na imeniuma sana. Sikatai kwamba siku ya jaribio nilikaa chini kabla ya kumaliza. Ninachokataa ni kuhukumiwa bila kusikilizwa. Niliugua korona, nikalazwa, nikapimwa, nikaambiwa nimepona. Mtu aliyepona hana tatizo. Basi tatizo liko kwingine, nami nimelitafuta mpaka nimelipata. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uwanja umerefushwa. Kazi hiyo imefanywa nikiwa wodini, bila shaka ili nisione. Zamani nilikuwa natoka goli moja hadi jingine huku nawaza mambo ya nyumbani, na mpira ukifika nami nimefika. Siku hizi nikifika duara la kati natamani kuagiza chai. Mashabiki wamenipachika jina la Mnara, kwa kuwa nasimama palepale na kuona mbali. Nilimkabili mtunza uwanja. Akaleta futi yake ya kupimia, akapima mbele ya macho yangu, na vipimo vikatoka vilevile vya zamani. Nilimsikitikia. Hajui kwamba futi ikivutwa miaka yote hiyo nayo hurefuka.

2. Filimbi ni mbovu. Katika mechi ya majuzi beki alimpiga mtu mtama ndani ya eneo la hatari, nami nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Ikatoka sauti ya birika linalokaribia kuchemka kisha likaghairi. Hakuna aliyesimama. Wakaondoka na mpira, wakaenda upande wa pili wakafunga goli, nami nikalikubali ili kulinda heshima ya chama. Ama tununuliwe filimbi mpya, ama wachezaji wafundishwe kuangalia mashavu yangu. Mashavu yakivimba, hiyo ni faulo. Wakiona nimeshika kifua waendelee tu, hayo ni mambo yangu binafsi.

3. Wachezaji hawana subira. Sheria zote nazijua, ila siku hizi haziji zikiitwa, zinakuja zikijisikia. Nilitoa kadi ya njano, nikainyanyua, na ilipofika juu nikawa nimesahau ni ya nani. Nikamwonyesha aliyekuwa karibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mbeba machela. Tangu siku hiyo amegoma kuingia uwanjani, na majeruhi wanatoka wenyewe kwa magoti. Naomba iwe kanuni kwamba mchezaji akikosa anyooshe mkono, abaki hivyo hivyo hadi mwamuzi akumbuke.

4. Chumba cha kubadilishia nguo kinanisingizia. Nilikikagua kama kanuni inavyotaka, nikavuta hewa, nikatangaza kwamba ni kisafi. Timu ya wageni ikaenda kuvalia jezi ndani ya basi, ikidai kuna panya aliyeoza chini ya benchi. Panya alikuwepo, sikatai. Lakini panya ambaye mwamuzi hajamsikia harufu, kwa mujibu wa mchezo, hajaoza.

5. Mashahidi wananiandama hadi nyumbani. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajui hata kuotea ni nini, anasema nikipanda ngazi za kwetu anasikia kama mashine yake inashona jinzi. Akaniburuta hadi kwa daktari. Daktari mwenyewe ni binti mdogo mwenye sauti ya upole. Akasema wapo wengi waliotangazwa kupona korona lakini wakabaki na uchovu, pumzi fupi, kusahau na pua isiyonusa, tena kwa miezi, na kwamba huo si uvivu wala si mawazo tu ya mtu. Akanikataza kukimbia kwa sasa. Alisema nikijilazimisha siku moja nitalala siku kadhaa, kwa hiyo niende kidogo kidogo na nirudi anichunguze. Nikamweleza kwamba uamuzi wa refa haubadilishwi na kelele za jukwaani. Kabla hajajibu, mke wangu akasema: "Mimi sipo jukwaani, baba. Mimi ndiye ninayekuinua ukianguka." Nilimwonyesha kadi. Ilikuwa ya njano, kwa kuwa nampenda.

Kutokana na hayo, naomba nirudishiwe fainali yangu, na uwanja upunguzwe kwa kiasi kilekile ulichorefushwa. Kama muda hautoshi, basi mpira uchezwe jirani na mwamuzi, na atakayeupiga mbali aufuate mwenyewe, aurudishe na aombe radhi. Kama hilo nalo litawashinda, wachezaji wote wabaki katikati pamoja nami na magoli ndiyo yaletwe. Sidhani kama naomba makubwa. Magoli yana miguu miwili kila moja na hayajawahi kuugua.

Kuhusu Upepo, sina ugomvi naye. Ni kijana mwenye adabu na huniamkia kila tukikutana. Ila hajui lolote kuhusu uwanja wa sasa, kwa sababu akikimbia anafika.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mhazini na familia yake, na mtunza uwanja pamoja na futi yake. Mbeba machela mwambie kadi ile imefutwa, arudi kazini, watu wanaumia.

Wako katika mchezo wa haki,
Mwamuzi wa Fainali ya Jumamosi

Baada ya kutia sahihi:

Barua hii ilikuwa mezani na filimbi juu yake, nikitafuta bahasha ya kuvitia vyote viwili ili uione filimbi iwe ushahidi. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu kwa matibabu ya kifua na hana meno ya mbele, akaichukua filimbi ili awaite wajukuu waje kula. Akapuliza mara moja tu. Watoto wa mtaa mzima wakanyamaza. Mwendesha pikipiki alifunga breki, akazima injini, akaniuliza mimi niliyekuwa dirishani amekosa nini. Mke wangu akasimamisha cherehani akanitazama.

Ndugu Katibu, filimbi ni nzima. Nimeipuliza tena baada ya mama mkwe, ikaghairi. Nimeogopa, na sijui nimwambie nani kama si wewe, maana mke wangu anajua tayari. Fainali mwachie Upepo. Filimbi imo humu ndani ya bahasha, mpe aichezeshee, asije akaenda na zile za plastiki mnazogawa. Mimi kesho narudi kwa yule binti hospitali. Nitatoka mapema, kwa sababu barabara ya kwenda huko nayo wameirefusha.