Santuri ya Asa Stoddard Imefikia Asilimia Tisini na Nne

Mheshimiwa Msimamizi wa Mkutano wa mji wetu wa Pellbrook, Vermont, waheshimiwa madiwani wote watatu, mheshimiwa karani, mheshimiwa mkuu wa zimamoto ya kujitolea, kina mama mlioandaa maharage na pai, wapigakura wenye theluji viatuni: itifaki imezingatiwa.

Mimi Lyman Crowell, Mwenyekiti wa Kamati ya Urithi wa Muziki, nasimama kifua mbele kuwasilisha taarifa ya mwaka wa saba ya mradi wa kurekodi, kwa okestra kamili, muziki wa marehemu Asa Stoddard, mpasua mbao wetu, aliyegonganisha makusudi, katika tungo zake, tenzi za kanisani, bendi mbili zinazopishana darajani na utomvu wa miti ya sukari ukidondoka ndooni (Sauti: "Tunamjua! Piga santuri!"), mradi ambao, baada ya upembuzi yakinifu, warsha thelathini na nane za wadau na ziara zangu kumi na moja za mafunzo Vienna, umefikia asilimia tisini na nne ya utekelezaji, kutoka tisini na sita mwaka jana. (Vicheko.)

(Bi Verna, binti wa marehemu, anasimama: "Lyman, nina miaka themanini na nne. Baba alikufa hajausikia. Mimi nataka mara moja tu. Ukirudi nyuma mbili kila mwaka, utafika sifuri nikiwa na mia moja thelathini na moja!" Makofi.)

Hesabu nzuri, Bi Verna, ila haizingatii mnyororo wa thamani! Jalada liko tayari, lenye picha yangu. Urithi wetu! (Watu wanatazamana.) Mnaitikia: masikio yetu! (Mtu anapiga chafya.)

Nimalizie kwa shukrani. Ahsante okestra, ambayo tutaitafuta. Ahsante studio, ambayo tutaijenga. Na ahsante ya pekee Bi Verna, aliyetukabidhi nakala pekee ya nota za baba yake, karatasi nene, safi upande mmoja, ambazo kamati, kwa kubana matumizi, imezichapia ajenda mlizoshika.

(Watu mia mbili na kumi wanageuza karatasi. Bi Verna anausoma mwandiko wa baba yake nyuma ya ajenda. "Nani ana ukurasa wa kwanza?"

"Mimi huku nyuma!" anajibu Orrin, dereva wa greda.

"Anza basi. Utenzi huo unaujua."

"Msimamizi, natoa hoja tuimbe!" anapaza sauti Orrin.

"Naunga mkono!")

Jamani, utaratibu! Hoja hiyo haimo kwenye ajenda!

(Bi Verna: "Imo, Lyman. Geuza.")