Kayaki Juu ya Gari la Baba

Jumatano, 6 Agosti

Nimefanya ujinga. Nimesema neno mbele ya watu.

Kocha Saverio alitutangazia kuwa kayaki ya klabu imepona. Iko hapa Kibuli kwa fundi Jafar, imezibwa ufa na kupakwa rangi ya njano. Mashindano ni Jumamosi saa nne, Luzira. Atakayeifikisha ziwani bila mkwaruzo atakaa kiti cha mbele. Wa mbele ndiye anayeweka mwendo. Wa nyuma anafuata tu. Mimi mwaka mzima sijapewa hata cha nyuma. Kocha husema Nakhisa, yaani mimi, anapiga kasia vizuri, tatizo akiitwa haitiki.

Olal, ambaye hukaa mbele kila mara kama ziwa ni la babu yake, akasema atamwomba mjomba wake pikapu. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikasema Baba ana gari. Olal akauliza kama hilo gari linajua kuongea, maana mwenyewe haongei. Wakacheka. Na mimi nikacheka, hapo ndipo penye aibu.

Baba bado hajui.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia Baba kwa barua. Ndiyo, tunakaa nyumba moja. Kiswahili nilikisoma Bungoma hadi darasa la tano, Kiingereza nikakisomea hapa Kampala, na naona haya katika lugha zote mbili. Niliandika Kiswahili. Kwa Kiingereza angedhani nimefukuzwa shule.

Mama aliisoma kwa sauti mezani. Baba akauliza urefu. Mita tano. Gari letu lina nne. Akamega tonge. Kisha akasema Wamalwa hajawahi kushindwa na mzigo. Wamalwa ni yeye.

Ijumaa, 8 Agosti

Sasa najua kila kitu. Kayaki hulazwa kifudifudi juu ya keria, vile vyuma vya juu ya gari, magodoro chini yake. Mikanda miwili inapita juu, kamba moja puani, nyingine mkiani. Halafu unaitikisa. Gari likitikisika nayo, umefunga. Ikitikisika peke yake, fungua uanze upya. Baba alitaka kutumia ile mipira ambayo waendesha bodaboda hufungia mizigo. Nikamwambia mpira unavutika, kayaki itapaa. Nilimwambia kwa mdomo kabisa.

Fundi Jafar anasema rangi bado changa, vumbi lisiiguse. Nimechukua shuka jeupe la Mama. Kocha anasema twende polepole, taa ziwashwe, na mkia unaozidi gari ufungwe kitambaa chekundu. Hapo Baba alikataa. Nyekundu mjini hapa ni siasa, hataki maswali barabarani. Tutafunga tawi la majani mabichi, kama kwetu lori likiharibika.

Sawa. Mpango hauna tundu hata moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Mikanda tuliipitisha madirishani. Milango ikagoma kufunguka. Tukaingia kwa dirisha, Mama akilaumu.

Karibu na msikiti wazee walisimama, wakainua mikono kuomba dua. Nikadhani wanatuombea safari njema. Tulipofika Namuwongo, boda zikatupisha. Zote! Boda hazimpishi mtu Kampala. Mwanamke mmoja akatua beseni lake la ndizi, akasema kitalo, kitalo, ile pole ya msibani. Hapo nikaelewa. Kitu kirefu ndani ya shuka jeupe. Tawi, kama la gari la msiba. Taa mchana. Mwendo wa huzuni. Na Mama, leso puani kwa sababu ya vumbi.

Nikamweleza Baba. Akasema tusimame tuwaambie watu ukweli. Nikatazama saa: tatu na dakika ishirini. Nakiri hapa, na hapa tu: nilimwambia aendelee, ukweli tutausema Luzira.

Huko Bugolobi magari yalikuwa yamesimama kabisa. Askari wa trafiki akaja na pikipiki hadi dirishani kwangu. Beji ilisema Olanya. Akauliza kwa upole, marehemu ni mzee? Siwezi kumdanganya afande, na kayaki ilinunuliwa mwaka juzi. Nikasema hapana, ana miaka miwili tu. Akaitazama ile mita tano. Akavua kofia, akasema pole sana. Kisha akawasha king'ora, akatutangulia.

Bugolobi hadi Luzira, dakika tisa.

Tulifika na boda kumi na moja nyuma yetu. Ufukwe mzima ulisimama kimya, Olal akiwa ameweka mikono nyuma kama yuko makaburini. Tukatoka kwa madirisha, Baba akitanguliza miguu. Kocha akavuta shuka.

Njano tupu. Hakuna mkwaruzo.

Afande Olanya aliitazama kayaki, halafu akanitazama mimi. Akasema, "Binti, mimi nimesimamisha gari la balozi kwa sababu ya hii." Akanikataza kuigiza msiba tena, akaniamuru niombe radhi kwa wote, kwa sauti. Gereza liko pale pale Luzira. Ningeambiwa nichague, ningechagua gereza. Niliomba radhi kwa Kiswahili. Waliokuwa mbali hawakusikia, nikarudia kwa Kiingereza. Mwendesha boda mmoja akasema mbona marehemu amependeza. Watu wakavunjika mbavu. Afande alicheka wa mwisho, tena akigeukia ziwa ili tusimwone.

Nilikaa mbele. Olal alikaa nyuma, dakika ishirini akitazama mgongo wangu. Mara mbili aliniambia nipunguze mwendo. Sikuitika. Tumekuwa wa pili kati ya watano, na Olal anahema hadi sasa.

Jumapili, 10 Agosti

Kocha ametuma ujumbe kwenye kundi la klabu. Kuna kayaki nyingine, mita sita, inatakiwa Entebbe mwisho wa mwezi. Nani ana gari? Nimejibu kabla Olal hajamaliza kuandika.

Baba amesema nikae chini nifikirie kosa langu la jana. Nimekaa. Nimefikiria kutwa. Nimelipata: shuka. Na tawi nalo halikufaa.

Safari hii ni maua kwenye boneti, utepe kutoka puani hadi mkiani, honi njia nzima, na Mama akipunga leso. Olal ana suti ya kijivu. Nimempigia simu mwenyewe kumwambia aipige pasi. Atakaa mbele karibu na Baba, asiseme neno.

Afande alikataza msiba. Harusi hakuitaja.