Magunia ya Bwawani Kasenga

Alhamisi, 12 Septemba
Shefu wa kartie, mtaa wetu, ametangaza: bwawa letu la pembeni mwa Kasenga litafufuliwa! Jumamosi ni Salongo, kazi ya pamoja, wote tusafishe. Jumapili baada ya misa, kura ya prezida wa komite ya bwawa. Prezida ni mimi. Watu tu bado hawajajua. Kikwazo kimoja: jirani yangu Cyprien, fundi cherehani. Eti naye anagombea. Na ana buti za mpira! Mke wangu Léocadie kaniuliza mara ya mwisho nilifika bwawani lini. Uchokozi.

Ijumaa, 13
Nimekagua bwawa. Kwa mbali, kwa sababu ya harufu. Magugu, chupa, na ukingoni magunia yaliyozama, yananuka ajabu. Hakuna anayeyagusa. Waoga! Cyprien aokote chupa. Magunia ni yangu.

Jumamosi, 14
Nimefika alfajiri na wasukuma mkokoteni wawili. Tumevuta magunia ishirini na matatu, tukayafukia kwenye shimo la taka, tukashindilia. Watu walipofika na majembe, nilikuwa nimeketi juu ya shimo kama mshindi. Saa tatu wakaja kina mama na mabeseni. Mama Ernestine, muuza unga, akauliza mihogo yao iko wapi. Waliiloweka Jumatano, leo ndiyo siku ya kuitoa. Cyprien akanyoosha reki kuelekea nilipoketi. Msaliti! Nyuma ya Ernestine alikuwa Léocadie. Magunia mawili yalikuwa yake. “Weye! Ile haikuwa buchafu, ilikuwa bugali yetu!”

Jumapili, 15
Chai tupu. Nyumbani hakuna unga wala maneno. Kura ya mikono: Ernestine, aliyependekezwa papo hapo na kina mama, karibu wote. Cyprien, tisa. Mimi, moja, ingawa nilinyoosha mikono miwili. Mkono wa Léocadie ulitulia mapajani. Hiyo iliniuma kweli.

Jumatatu, 16
Prezida Ernestine kaniamuru nilinde mihogo mipya mpaka ilainike. Wanasema ni adhabu. Wivu! Ni cheo: Mkurugenzi wa Maji. Léocadie kaleta gunia lake la mwisho, akanikabidhi mwenyewe. Hakutabasamu, lakini kanikabidhi. Safari hii sitamwangusha. Nimeona kasoro moja tu: katika kila gunia, mihogo mikubwa imechanganywa na midogo. Kesho, kabla kina mama hawajafika, nitafungua magunia ya wote, niimwage pamoja, niipange upya, mikubwa huku, midogo kule. Watafurahi mno!