Wakili Aliniambia Ninyamaze

Jumatatu, 4 Machi
Nimeshtakiwa. Kuendesha gari nikiwa nimelewa. Mimi! Mtu ninayepiga pasi soksi!

Jumamosi tulimuaga mhasibu wetu, nikanywa, nikashika usukani wa gari la mama. Barabara ya Soko nikamwona askari wa trafiki. Hakunisimamisha. Nilisimama mwenyewe, nikamwuliza kama taa zangu zinawaka sawasawa. Akasema taa ziko safi, dereva ndiye mwenye hitilafu.

Kazini sijasema kitu. Bosi anatafuta karani wa kuzungukia matawi, na lazima awe na leseni. Ni mimi au Kalamu Mbili, jirani yangu wa meza, anayechomeka kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino. Leo kaniuliza mbona nimepauka. Nikasema malaria. Akasema pole, kisha akaguna. Sipendi anavyoguna.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: nijitetee mwenyewe. Nimejifungia chooni, nikajihoji mbele ya kioo. Nimejitia hatiani.

Mpango mpya: wakili. Mama anamjua mmoja, ofisi yake iko juu ya saluni. Mashine za kukaushia nywele zilinguruma hadi ikabidi nipige kelele kwamba NILIKUWA NIMELEWA. Zikazimwa papo hapo. Huko chini mwanamke akaitikia: pole, kaka!

Wakili akasoma hati ya mashtaka, akatabasamu. Imeandikwa nilikamatwa Barabara ya Stesheni, ambayo iko upande wa pili wa mji. Askari akishamaliza ushahidi wake, wakili atamrukia hapohapo na kesi itakufa. Kazi yangu ni moja: ninyamaze. Akaniuliza, bwana mdogo, unaweza kunyamaza? Nikamweleza kwa kirefu kwamba naweza.

Alhamisi, 7 Machi
Mahakamani. Suti ya marehemu baba. Mama benchi la nyuma. Na pembeni yake nani? Kalamu Mbili! Eti alikuwa anapita. Na bosi nilimwambia naenda hospitali.

Karani wa mahakama akasoma mashtaka. Alisoma vizuri, mtu wa kazi. Barabara ya Stesheni, akasema. Nikajiuma ulimi. Kweli nilijiuma, bado unauma. Lakini kutwa nzima kazi yangu ni kurekebisha makosa ya watu kabla hayajafika mbali, na nikawaza yule bwana atakavyogombezwa. Mkono ukanyanyuka wenyewe. Samahani mheshimiwa, nikasema, ilikuwa Barabara ya Soko. Mkabala na duka la magodoro.

Wakili akafumba macho.

Hakimu akanishukuru. Akauliza kwa upole kama kuna lingine. Nikasema bia zimeandikwa "kadhaa", zilikuwa tano. Akauliza, kwa hiyo unakiri? Nikasema kwa marekebisho hayo, ndiyo.

Leseni imefungiwa mwaka mzima. Mama alilia njia nzima. Wakili hakuniaga.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi anajua kila kitu, hata idadi ya bia. Kalamu Mbili anaguna tu. Bosi kasema hana karani makini kama mimi, hilo ndilo linalomuuma. Angeweza kunisubiri miezi sita. Mwaka, hapana. Nimekula chakula cha mchana peke yangu ngazini. Sikumaliza.

Jumatatu, 11 Machi
Wakili kapiga simu! Hukumu imeshachapwa, na kwa makosa wameandika leseni imefungiwa miezi sita. Sita! Nimempelekea bosi nakala, kasema atasubiri. Kalamu Mbili hakuguna. Kuhusu hilo kosa, wakili kasema nisimwambie mtu, nisiandike, ikiwezekana nisipumue. Mama kaimba jikoni.

Jioni nimemfikiria yule karani wa mahakama. Ana familia, bila shaka. Kosa kama hili linaweza kumfukuzisha kazi. Nimemwandikia barua fupi ya heshima, nikimkumbusha kwamba hakimu alisema mwaka. Nimeshaiposti.

Sikuweka jina langu, mimi si mjinga. Nimeweka namba ya kesi tu, asihangaike kutafuta.