Oili ya Giaboksi Katikati ya Foleni

Jumatatu, 7 Julai
Mkia wa foleni ya petroli umefika getini kwetu! Mtaa mzima wa Cibitoke umenuna, baba anacheka. Amelisukuma gari lake, Carina, mita tatu, tayari yumo. Kanikabidhi nafasi hiyo. Nikiilinda bila kumwaibisha, likizo hii atanifundisha kuendesha. Nimeweka kiti barabarani, kitabu cha ufundi mapajani.

Jumanne, 8 Julai
Hatujasogea. Nyuma yetu ipo teksi ya mjomba wake Loïc, na Loïc mwenyewe, wa darasa letu. Ananiita Profesa. Kitabu kinasema oili ya giaboksi ya otomatiki ina umri wake. Yetu nadhani ni rika langu. Gari limesimama bure, baba yuko kazini. Atalikuta laini kama jipya! Nimenunua oili mpya lita nne kwa akiba yangu.

Jumatano, 9 Julai
Nikashuka mtaroni kando ya barabara, nikajipenyeza chini ya gari, nikafungua nati. Oili nyeusi ikajaa beseni la mama. Loïc akauliza kama mgonjwa ataishi. Kitabu: pima iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho. Nikafunga nati, nikaenda kutafuta chupa ya kupimia.

Foleni ikasogea! Siku tatu kimya, leo ndiyo isogee! Kila mtu akasukuma gari lake kwa mikono, kubana petroli. Loïc na mjomba wakanisaidia kusukuma letu, kwa wema kabisa. Gurudumu likapanda beseni, likalipasua; oili ikamwagika kabla sijaipima.

Nikakisia lita mbili. Kuzidisha ni hatari, kitabu kinaonya. Nikamimina kwa faneli, boneti wazi, nikitembea kando ya gari. Kuhakikisha kwa kijiti cha kupimia oili kunataka injini iwe moto. Petroli ya kuipasha moto ndiyo tuliyoipangia foleni.

Alhamisi, 10 Julai
Pampu! Baba akaja, tanki likajaa, akanipiga begani mbele ya Loïc. Akatia gia. Injini ikanguruma, gari likatulia tuli. Honi! Mjomba akauliza kama tumekuja kuposa pampu. Ikabidi wenye matanki matupu wasukume gari lenye tanki lililojaa, mpaka kwetu. Getini mama akasimama, akiulizia beseni lake.

Ijumaa, 11 Julai
Fundi Rénovat akasema oili ni pungufu, akamimina lita zangu mbili zilizobaki. Gari likaenda! Baba akazunguka mtaa, akakiri kwamba halijawahi kubadili gia kwa ulaini huo. Kisha hukumu: kuendesha, mwakani. Likizo hii nisiguse gari, ila kuliosha tu.

Ni haki. Lakini hakusema niishie nje. Rejeta, naona hapa kitabuni, huoshwa kwa ndani. Jumapili baba huenda misa kwa miguu. Masaa mawili yanatosha.