Daktari wa Gia na Gari la Rangi ya Maziwa

Asubuhi ile Daktari wa Gia alipomwona mchinjaji amesimama katikati ya magari mawili madogo, mkono mmoja juu ya boneti hii na mwingine juu ya boneti ile, kama baba aliyeambiwa achague mtoto mmoja tu wa kurudi naye nyumbani, alijua riziki yake imeamka mapema na imeshavaa viatu.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu udaktari wenyewe. Hakuusomea. Ufundi wa magari nao hakuusomea. Alichokuwa nacho ni koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, na kile chombo cha kusikilizia vifua vya wagonjwa, ambacho kilimfikia kwa njia ambayo mwenye nacho wa kwanza mpaka leo anaitafuta. Alikuwa akikiweka juu ya boneti, anafumba macho, anasikiliza, kisha anatikisa kichwa polepole. Wanaume wazima walitokwa na jasho kwa mtikiso wa kichwa kile. Na kulikuwa na siri moja ambayo hakumwambia hata mama yake mzazi: Daktari wa Gia hakujua kuendesha gari. Baiskeli yenyewe alikuwa akiikokota.

Kazi yake aliifanya kwa ubia na Mwenye Yadi, bwana mnene aliyekuwa na uwanja wa magari yaliyotumika. Mtu akija kuuza gari zima, Daktari analisikiliza na kutangaza magonjwa, mwenye gari anakata tamaa, na Mwenye Yadi analichukua kwa bei ya rambirambi. Mtu akija kununua, Daktari anamchagulia lililo bovu kuliko yote na kulisifia mpaka gari lenyewe linaona aibu. Jioni wabia wanagawana, kila mmoja akimshuku mwenzake, kama ilivyo kwa wabia wote wenye heshima zao.

"Bosi wangu," Daktari alimwambia mchinjaji, "unataka injini, au unataka amani?"

"Nataka gari."

"Ndipo watu wanapopotea hapo. Injini ndogo inakunywa kidogo, lakini ikifika mlimani inaomba msaada kwa abiria. Injini kubwa inapanda mlima ikipiga mluzi, ila muuza mafuta atakuzoea mpaka aje kukuazima sukari. Wewe unabeba nini?"

"Nyama. Na mke wangu."

"Nyama kilo ngapi?"

"Themanini."

"Na shemeji?"

"Shemeji usimpime."

Daktari akainamisha kichwa kwa adabu. "Na gia? Za mkono, au zinazojibadilisha zenyewe?"

"Za mkono. Gari linalobadilisha gia bila kuniuliza, kesho litabadilisha na njia. Tena nataka linaloshika barabara. La mwisho nililopanda lilikata kona yake, na mimi nikakata yangu."

Daktari akamwonyesha la kwanza. Mchinjaji akasema usukani mzito, kama anageuza jiwe la kusagia. La pili, limekaa juu mno, kwenye kona litalala chali. La tatu ni jekundu, na wekundu anauona kazini kutwa nzima. Akapita yadi nzima akikataa. Mwishowe akasimama, akahesabia vidole vyake vinene kama soseji. "Sikiliza. Dogo. Gia za mkono. Injini isizidi lita moja. Taa za duara. Rangi ya maziwa. Ukinipatia hilo, nalipa kwa moyo mweupe."

Akatoa na kianzio papo hapo, mafungu mawili yanayonukia mafuta ya ng'ombe. "Leo, kabla sijafunga duka. Ukikosa, unanirudishia changu. Na usiponirudishia..."

Hakumaliza. Alifuta mikono tu kwenye aproni. Mtu mwenye visu vingi halazimiki kumaliza sentensi zake.

Daktari hakumwambia Mwenye Yadi neno. Ya nini kugawana kitu ambacho mwenzako hajui kama kipo? Akatoka na koti lake, akaukwea mtaa wa mlimani, na kabla hata jasho halijamshuka vizuri, akaliona. Dogo. Taa za duara. Rangi ya maziwa. Kwenye kioo cha nyuma karatasi: LINAUZWA. Daktari alimshukuru Mungu, ambaye nadhani siku ile alikuwa anamtazama tu.

Barazani alikaa mama wa makamo akikunja nguo. Mtaa mzima ulimwita Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta barua?"

"Nimeleta pole."

Akaweka chombo chake juu ya boneti, akafumba macho. Majirani wakaanza kusogea, maana koti jeupe mbele ya nyumba ya mtu si jambo la kupita ukitazama pembeni. Kichwa kikatikisika.

"Giaboksi ina pumu," Daktari akasema. Akahamisha chombo. "Injini inakunywa oili kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Usukani unavuta kushoto. Kona ya kushoto linakwenda lenyewe, ya kulia mpaka libembelezwe. Na kuna jingine, lakini mbele ya watoto..."

"Sema tu, hawa wameona mengi."

"Gia ya tatu haiko nasi tena."

Shangazi akajifuta jicho kwa ncha ya khanga. "Rudia kwa sauti, mwanangu. Jirani yangu huyu hasikii vizuri."

Daktari akarudia kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli wa uongo, akaongeza na shokabsoba.

"Basi limekwisha," Shangazi akasema. "Nani atalichukua?"

"Mimi, kwa huruma tu. Nitaliuza vipande vipande." Akataja bei. Shangazi akaguna, akaongeza. Wakavutana mpaka ikafika mahali ambapo Daktari angelazimika kutia akiba yake yote pamoja na kianzio cha mchinjaji. Haikumsumbua. Mchinjaji angelipa mara mbili.

"Ila lazima ulijaribu kwanza," Shangazi akasema. "Usije kesho ukaniambia nimekuingiza mjini."

"Endesha wewe, Shangazi. Mimi nikiwa kazini siendeshi. Nasikiliza."

Wakateremka mlima. Gari lilikwenda kimya, laini kama siagi. Kona zilikuwa mbili, zote za kushoto, likazikata vizuri ajabu. Mtu anayejua kuendesha angejiuliza kwa nini mama yule hakuigusa gia tangu walipotoka, na kama kweli injini ilikuwa inafanya kazi au ni mlima tu uliokuwa unafanya. Daktari alikuwa anapiga hesabu ya faida na kukitazama kipochi cha Shangazi. Chini kabisa, Shangazi akapaki kivulini, na kwa bahati njema isiyo na kifani, kivuli chenyewe kilikuwa mbele ya duka la mchinjaji. Daktari karibu acheke kwa sauti. Hata kuhangaika kutafuta dereva hakukuwepo!

Akalipa. Shangazi akazitia fedha kwenye kipochi na kumpa ufunguo mbele ya majirani, ambao walikuwa wameteremka nao kwa miguu, maana siku ile mtaa wote ulikuwa hauna kazi.

"Bosi!" Daktari akaita dukani. "Njoo umwone bibi harusi wako!"

Mchinjaji akatoka, akalizunguka, akaingia. Akawasha. Injini ikakohoa, ikawaka. Akatia gia ya kwanza: sauti kama sufuria zinazogombana kabatini. Ya pili: sufuria na vijiko. Akatafuta ya tatu kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta swichi ya taa kwenye nyumba ya ugenini. Moshi wa bluu ukatanda, gari likaamua lenyewe kwenda kushoto, likajikwaruza ubavu kwenye ukuta wa mtaro na kuzimika.

Mchinjaji akashuka taratibu. "Daktari. Linaumwa nini hili?"

"Hili? Zima kabisa, bosi! Ni ugeni tu. Injini yake ni ya—"

"Hee!" akapaza sauti yule jirani asiyesikia vizuri. "Si umesema giaboksi ina pumu?"

"Na gia ya tatu haiko nasi!" mwingine akadakia.

"Alisema hivyo, dada?" mchinjaji akauliza.

"Alisema mara mbili, mdogo wangu," Shangazi akajibu.

Daktari aliyasikia maneno hayo mawili, *dada* na *mdogo wangu*, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuhitaji chombo ili asikie moyo ukigonga. Nyuma ya duka akajitokeza mwanamume mpole, mwenye sura ya kuamini hata matangazo ya dawa za kuotesha nywele. Huyo alikuwa mume wa Shangazi.

"Daktari, hunikumbuki," akasema kwa masikitiko ya kweli. "Mwaka jana, pale yadi. Uliniambia gari hili lina injini ya mwanariadha."

Daktari akautazama ubavu uliokwaruzwa. Chini ya rangi ya maziwa palikuwa na bluu. Ni gari alilolisifia mwenyewe, akaliuza mwenyewe, akala mgao wake mwenyewe. Hakulitambua kwa sababu moja tu: katika maisha yake yote ya udaktari hakuwahi kutazama gari. Alitazama mifuko ya watu.

"Rangi nimepaka mimi," Shangazi akasema. "Vumbi la mbao la kunyamazisha giaboksi mpaka tufike hapa nimepewa na seremala. Huyu mdogo wangu kazi yake ilikuwa kukataa magari tu, na kukataa ndiyo kipaji chake toka utotoni. Mengine yote umefanya wewe. Tena nikupongeze, mwanangu: ulivyoliagua, hukukosea hata kimoja! Hata shokabsoba! Nilitaka kukupigia makofi."

"Kwa hiyo mmeniibia!"

"Tumekuibia? Umenunua gari bovu baada ya kutangaza mwenyewe kwamba bovu. Nenda kashtaki, mashahidi wako hawa hapa."

Mashahidi wakapunga mikono.

"Mimi sina ugomvi," mchinjaji akasema. "Nilitaka gari zima, hukuniletea. Nafunga duka jua likishuka pale kwenye bati. Nataka kianzio changu." Akarudi ndani, na sauti ya kisu kikinolewa ikaanza kusikika, bila haraka.

Wakamsaidia kulitoa mtaroni, wakamsukumia mpaka barabara kuu, na hapo huruma ya mtaa ikaisha. Daktari akaendelea peke yake kwenye tambarare, bega mlangoni, mkono mmoja dirishani kwenye usukani, akipigana na gari lililotaka kwenda kushoto kwa kila hali. Koti jeupe likawa na rangi zote mbili za gari na nyingine za barabara. Alikuwa anakwenda yadi kumlilia mbia wake amkopeshe. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mpango wowote.

Mwenye Yadi alimwona akiwa bado mbali. Akatulia getini, tumbo mbele, macho yakipungua.

"Gari zuri," akasema. "La nani?"

"Langu. Ndugu yangu, nimekwisha."

"Umenunua gari bila kuniambia?"

"Bovu! Nimepigwa. Giaboksi imekufa, gia ya tatu haipo, inakunywa oili, linavuta kushoto."

Mwenye Yadi akacheka mpaka mkanda ukalia. "Hayo maneno si tuliyatunga pamoja? Leo unanitibu na mimi?"

"Naapa, ndugu yangu."

"Na kuapa tulitunga pamoja."

"Mbona nalisukuma, kama ni zima?"

"Ili nione unalisukuma! Unaniona mimi mtoto? Umepata mali safi, unataka kuipitisha mbele ya macho yangu kama maiti ili nisidai nusu yangu."

"Washa basi. Haliwaki."

Mwenye Yadi akaingia, akageuza ufunguo. Kimya. Akashuka akitabasamu kwa heshima, kama mcheza bao anayekubali kete ya mwenzake. "Umechomoa waya. Safi sana." Akataja bei.

Na hapa, nikwambie, Daktari alipatwa na jambo lisilo la kawaida. Pengine ni uchovu. Pengine ni ile sauti ya kisu, ambayo bado ilikuwa masikioni mwake. Akasema, "Usilinunue. Ni lile la bluu tulilomuuzia yule bwana mpole mwaka jana. Tazama ubavuni."

Mwenye Yadi akatazama ubavuni. "Hata rangi umekwangua ili lifanane na bovu! Mtu hajisumbui hivi kwa gari la kawaida." Akapandisha bei.

"Ndugu yangu, nakuomba, usilinunue. Kwa urafiki wetu."

Neno urafiki ndilo lililommaliza Mwenye Yadi. Kwa miaka yote hawakuwahi kulitumia. Sasa alijua kwa hakika kwamba ndani ya gari lile kuna utajiri. Akapandisha tena, akaingia ofisini, akatoka na fedha mikono miwili, akazisukumiza kwenye koti la Daktari na kuunyakua ufunguo kabla mwenzake hajabadili mawazo.

"Lakini umesikia nilivyokwambia?" Daktari akauliza kwa sauti ndogo.

"Nimesikia, nimesikia. Nenda zako, mwongo mkubwa."

Jua lilikuwa limekaribia bati. Daktari alifika kwa mchinjaji akihema, akarudisha kianzio chote, akabakiwa na akiba yake na ziada nono. Mchinjaji alimtazama kwa mshangao, akamfungia kipande cha nyama ya mifupa, bure.

Alipotoka nje, upepo ulimletea kutoka upande wa yadi sauti ya gari likiwashwa kwa kusukumwa, sufuria zikigombana, kisha sauti ya mtu mnene akiita jina lake na la wazazi wake. Daktari wa Gia akafunga vifungo vya koti, akakumbatia nyama yake na kuanza kukimbia. Alikuwa amekimbia mara nyingi katika kazi yake, ila leo kitu kilimkera njia nzima: hii ilikuwa mara ya kwanza anamkimbia mtu ambaye hajamdanganya.